Jina Lisitajwe Mbele ya Fusae

Jumanne, 12 Novemba

Tumefika. Basi la hoteli limetupokea stesheni, mizigo imefika salama, na mimi nimeharibu kila kitu.

Niandike kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikiandika ripoti kiwandani. Nilistaafu mwezi Machi. Nikamuuliza mke wangu Fusae anataka zawadi gani kwa kunivumilia miaka yote hii. Hakutaka pete. Hakutaka Hawaii. Alitaka tukalale tena kwenye ile hoteli ya maji moto tulikokula fungate, basi. Wakati ule nilimwahidi kumrudisha baada ya miaka kumi. Kumi ya kwanza ikaliwa na kiwanda, kumi ya pili mama yangu aliugua, kumi ya tatu sina hata cha kusingizia. Sasa magoti ya Fusae yameanza kugoma. Nikikosea hili, sina jingine la kumpa.

Hoteli yenyewe inaitwa Hakuun, yaani wingu jeupe. Herufi mbili tu, kila moja neno zima: "nyeupe" na "wingu". Nikaziona kwenye ramani ya simu, mji uleule, mto uleule, nikabonyeza. Nikajipongeza kwa bia.

Leo mwenye hoteli, Bi Kuwabara, alipiga magoti mlangoni, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akasema, "Karibuni sana Shirakumo."

Shirakumo! Herufi zilezile mbili, zikisomwa kwa ile namna nyingine. Hoteli nyingine kabisa. Lawama ziwaendee mababu zetu, walioona herufi moja kuwa na sauti moja ni umaskini.

Nikakohoa. Nilikohoa kwa nguvu mpaka dereva wa basi akaniletea maji. Fusae alikuwa ameinama akivua viatu. Akageuka, akaniuliza kama nimepaliwa. Hakusikia. Nina hakika hakusikia.

Chumbani akaenda moja kwa moja dirishani. Akauliza liko wapi lile bwawa la samaki tuliokuwa tukiwarushia mkate. Nikamwambia lilifukiwa, tetemeko la ardhi. "Aa, tetemeko," akasema. Na yale maporomoko ya maji yaliyokuwa mbele ya dirisha? Nikasema ni tetemeko hilohilo. Akasema tetemeko hilo lilikuwa na kazi nyingi kweli.

Lakini nimegundua faida moja. Taulo, ndara, vikombe, taa za mlangoni, vyote vimeandikwa kwa zile herufi mbili, na zinasomeka vyovyote. Maandishi hayana neno. Hatari iko midomoni. Kwa hiyo mpango ni mwepesi: mpaka Jumamosi, mtu yeyote asilitamke jina la hoteli hii mbele ya Fusae. Mimi nimesimamia kitengo kizima cha kukunja maboksi. Siwezi kushindwa na neno moja.

Jumatano, 13 Novemba

Asubuhi nilikaa karibu na mapokezi nikijifanya nasoma gazeti. Simu ililia. Bi Kuwabara akapokea kwa sauti inayosikika mpaka jikoni: "Shirakumo, habari za asubuhi." Ikalia tena. "Shirakumo, habari za asubuhi." Huyu mama analitaja jina la hoteli yake kama wengine wanavyopumua.

Nikamvuta pembeni. Kumwambia ukweli nisingeweza. Mtu atasemaje mbele ya mwenye nyumba kwamba amekuja kwake kwa bahati mbaya? Nikamwambia mke wangu ana ugonjwa. Akilisikia neno "wingu" limetamkwa, hata likiwa ndani ya jina la hoteli, moyo unamwenda mbio na kizunguzungu kinamshika. Kulisoma hakuna shida, shida ni kulisikia. Madaktari wa Nagoya wamenyoosha mikono.

Bi Kuwabara alishika kifua. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, yeye alikuwa na shangazi yake ambaye hakuweza kusikia neno "konokono", na waliishi naye vizuri tu mpaka akafa. Nikaondoka pale kifua mbele.

Mchana simu ikalia. "Hapa ndipo, habari za mchana," akasema Bi Kuwabara. Nilitamani kumkumbatia.

Kikwazo cha kwanza: bafuni. Huko nimemkuta Bwana Anzai, mgeni wa chumba cha jirani, ameketi ndani ya maji na taulo limekunjwa juu ya kichwa kama amezaliwa nalo. Anakuja hapa kila vuli. Kila asubuhi ni yeye anayeingia bafuni kabla ya watu wote, na anataka ujue hivyo. Maji ya kwanza, anasema, ni laini, anayekuja nyuma anaoga supu. Nikamuuliza kazi yake ya zamani. Mtabiri wa hali ya hewa! Kati ya wastaafu wote wa Japani, Fusae amewekewa ukuta kwa ukuta na mtabiri wa hali ya hewa. Hamalizi sentensi mbili bila kutaja mawingu, na ya tatu ni kuisifu Shirakumo.

Kikwazo cha pili: chakula cha jioni. Mimi niliwekewa samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi, uyoga, na nyama inayojipika mezani taratibu. Fusae aliwekewa uji. Uji wa mchele na plamu moja ya chumvi katikati, chakula cha mgonjwa. Bi Kuwabara aliupika kwa mikono yake mwenyewe na akakaa pembeni kuhakikisha unaisha. Fusae akautazama uji, akanitazama mimi, akamtazama samaki wangu. Nikamsogezea samaki. Bi Kuwabara akamrudisha kwangu, kwa adabu kubwa.

Wakati wa kuondoa vyombo Bi Kuwabara alimnong'oneza Fusae jambo sikioni, maneno ya pole nadhani. Fusae akafunika mdomo kwa mkono wa kimono na mabega yakaanza kutikisika. Lazima ule uji ulimpalia.

Alhamisi, 14 Novemba

Jana usiku nilizungumza na Anzai kiume. Nikamweleza ugonjwa wa Fusae, nikamwomba asitaje mawingu wala jina la hoteli akiwa karibu. Alikataa. Anasema neno hilo ndilo lililosomesha watoto wake watatu, na hakuna daktari wa kumnyang'anya. Halafu akauliza ni mawingu ya aina gani hasa, ya mvua au yale mepesi ya juu, maana si haki kuyaweka yote kapu moja.

Nikamwalika tucheze shogi, sataranji yetu ya Kijapani, nikishinda anyamaze. Mkakati wangu ulikuwa kumwachia mchezo wa kwanza ili alegee. Nikaupoteza ule kwa makusudi, na mitatu iliyofuata bila makusudi. Mwishowe alikubali kwa kunihurumia, kwa sharti kwamba kila asubuhi nimsugue mgongo. Mgongo wa Anzai ni mpana. Nimeufahamu sasa.

Kusema kweli alitimiza ahadi. Asubuhi, wakati wa kifungua kinywa, alitazama nje kwa mazoea yake, akafungua mdomo, akanikumbuka. "Leo huko juu kuna..." akasema. "Kuna vitu. Vitu vya pamba hivi. Jioni vitashuka." Uso ulimwiva kama pweza aliyechemshwa.

Na hapo likatokea jambo ambalo bado linanitetemesha. Fusae aliweka vijiti vyake chini, akatazama dirishani, akaweka mkono kifuani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba anasikia kizunguzungu. Angependa kulala mpaka alasiri, na mtu yeyote asimsumbue, hasa mimi.

Ugonjwa huu nimeutunga mimi! Jana, pale karibu na simu ya mapokezi! Bibi yangu alikuwa akitukataza kutaja mabaya, akiamini neno likishatoka mdomoni huenda kutafuta mwili wa kuingia. Tulikuwa tukimcheka. Leo sicheki. Nikaenda kusimama nje ya mlango wa chumba nikasikiliza. Kimya kabisa, hata kupumua hakusikiki. Nikaogopa kufungua. Nikaoga mara tatu kwa kukosa la kufanya, vidole vikawa vimekunjamana vibaya.

Alasiri nilimkuta ameamka, anakunywa chai, mashavu yamepata rangi. Soksi zake zilikuwa na matope. Nikauliza matope yametoka wapi. Akasema mtu mwenye kizunguzungu hajui anapokanyaga. Nikamkanda magoti mpaka wakati wa kula. Hakunikataza, na mimi sikutaka kuacha.

Jioni uji tena. Safari hii na yai.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimeamua kuuponya ugonjwa kwa kuuponya uongo. Nitampeleka Fusae Hakuun yenyewe, japo usiku mmoja. Nitamwambia ni jengo la pili la hoteli hii na sisi tumepewa chumba bora kwa heshima ya umri. Atafungua dirisha, ataona maporomoko na bwawa, na tetemeko nitalitafutia maelezo baadaye. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nimefunga mkanda wa kimono bila kukosea.

Nikamwambia Fusae naenda kununua mayai yale yanayochemshwa kwenye chemchemi. Akaniambia nisikimbie, nivae shali. Nikapanda njia ya kando ya mto, zile ngazi za mawe. Zilikuwa fupi zaidi nilipokuwa kijana.

Hakuun imefungwa.

Madirisha yamepigiliwa mbao. Paa limeota nyasi. Bwawa lipo, ila limejaa majani makavu na hakuna maji. Taa ya mlangoni bado inaning'inia, na ukijua cha kutafuta utaziona zile herufi mbili. Kando ya geti kuna mti wa persimoni uliobeba matunda mengi yasiyochumwa na mtu, na kunguru wanajichagulia.

Hii ni shajara yangu, kwa hiyo nitaandika: nililia. Fusae alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, amechuchumaa ukingoni mwa bwawa lile, samaki amemng'ata kidole naye anacheka. Nikasema tutarudi baada ya miaka kumi. Nilisema kirahisi tu, kama mtu anayesema atarudi kuchukua mwavuli. Na hoteli ikasubiri, ikasubiri, mpaka ikachoka.

Nikasikia mtu anakohoa. Anzai, na fimbo yake ya matembezi, anatembea kwa ajili ya shinikizo la damu. Nilijifanya kope imeniingia jichoni. Alikuwa na adabu ya kutazama mlima. Akaniambia mzee mwenye Hakuun alifariki, watoto wako Tokyo, na nyumba imefungwa huu ni mwaka wa tisa. Kisha akasema jana mchana alimkuta mke wangu hapahapa, ameketi juu ya jiwe la bwawa, anakula persimoni.

Nikamwambia haiwezekani. Jana mchana mke wangu alikuwa kitandani, mgonjwa.

Anzai akasisitiza. Alisema walizungumza. Alimweleza kwamba hoteli zote za mto huu zinavuta kutoka chemchemi moja, kwa hiyo maji ya kule chini ni yaleyale yaliyokuwa yakija hapa juu. Fusae akamshukuru sana, akasema hilo tu ndilo alilotaka kujua.

Nikarudia kwamba haiwezekani, na magoti yake yale, na ngazi zile. Anzai alinitazama kwa muda mrefu, jinsi nadhani alivyokuwa akitazama anga kabla ya kutangaza. Akasema basi huenda amemfananisha. Masikini mzee wa watu. Akili imeanza kumtoka. Wakati wa kushuka nilimshika mkono asije akateleza, naye akaniacha nimshike.

Kabla ya chakula cha jioni nikaingia bafu la nje. Nilikuwa peke yangu upande wa wanaume, mvuke umetanda, jua linazama nyuma ya misonobari. Upande wa pili wa ukuta wa mianzi nikasikia maji yakimwagwa, kisha sauti ya Fusae.

"Baba, upo?"

Nikasema nipo.

"Uko peke yako?"

Nikasema ndiyo, Anzai yuko chumbani anapumzisha akili.

Maji yakamwagwa tena. Kisha akasema, "Maji ni yaleyale, eh?"

Sijawahi kusema ukweli kwa furaha namna ile. "Ni yaleyale, Mama," nikamwambia. "Yaleyale kabisa." Nikaona niseme yote: herufi, tetemeko, ugonjwa, mbao madirishani. Nikaanza, "Mama, kuna jambo..."

"Mimi nimefurahi, Baba," akasema juu ya ukuta. "Sijui kama nimekwambia. Nimefurahi tangu tulipofika mlangoni."

Mtu gani mwenye moyo angebomoa furaha kama hiyo kwa ukweli? Nikazamisha uso majini.

"Haya, natoka," akasema. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya kwenye fungate, tunaitana juu ya ukuta ili tutoke pamoja, asiwepo wa kumsubiri mwenzake kwenye baridi. Nikatoka. Nilimkuta ameketi kwenye benchi la ushoroba, nywele mbichi, chupa mbili za maziwa baridi mkononi, na yangu ameshaifungua.

Ni mzuri, mke wangu. Ningemwambia, lakini mdomo ulikuwa umejaa maziwa.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku ya kuondoka nusura mpango wote uzame.

Tulitoka kwenda kupanda basi, na kumbe nyuma ya basi jina la hoteli limeandikwa kwa silabi, jinsi linavyotamkwa, kwa maandishi makubwa, ili hata mtoto wa chekechea alisome. Shi-ra-ku-mo. Jumanne nilikuwa na furaha mno kuliona. Nikarukia nyuma ya basi nikasimama nimeegemea, mikono nimeitandaza. Dereva akaniomba nipande. Nikasema napenda kuegemea. Akasema lakini ndipo moshi unapotokea. Nikavumilia moshi mpaka Fusae alipokwisha kuketi.

Bi Kuwabara na wafanyakazi wake wote walijipanga getini kutuaga. "Karibuni tena," akasema, akasita, akameza jina la nyumba yake mwenyewe. "Karibuni tena hapahapa." Anzai alikuwepo, ndani ya kimono na koti juu. Alinyoosha kidole angani, akatingisha kichwa kwa masikitiko, hakusema kitu. Nadhani kulikuwa na mvua njiani. Wakatupungia mpaka tulipopita kona, na Fusae akawapungia mpaka baada ya kona.

Kwenye treni akasema Bwana Anzai ni mtu mwema, na kwamba yeye Fusae amemruhusu mwakani aseme mawingu yote anayoyataka, kwa kuwa yeye mwenyewe anajisikia amepona. Nikauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, amepona nini. Akasema Bi Kuwabara alimweleza kila kitu siku ya uji. Nikajifanya natafuta tiketi mifukoni.

"Pole kwa kuniuguza, Baba," akasema, na akalaza kichwa begani mwangu.

Kumbe ameamini kwamba anaumwa! Nimeponea chupuchupu.

Jumatano, 20 Novemba

Nyumbani, Nagoya. Mvua.

Binti yetu Kanae amekuja kula. Akamuuliza mama yake hoteli ya fungate ilikuwaje baada ya miaka yote hiyo. Fusae akasema ilikuwa nzuri kuliko mara ya kwanza. Mara ya kwanza, alisema, baba yako alilala tu, hakuhangaika hata kidogo kwa ajili yangu. Sikuelewa vizuri, ila nilijisikia vizuri, nikajiongeza wali.

Kisha akasema ameshapiga simu asubuhi na kutuwekea nafasi wiki ileile ya mwakani. Nikashtuka, lakini hesabu ikakaa sawa mara moja: Bi Kuwabara anapokea kwa "Hapa ndipo". Mpango wangu unafanya kazi hata mimi nikiwa mbali. Kitengo cha maboksi kilipoteza mtu.

Kanae akauliza hoteli inaitwaje.

"Shirakumo," akasema Fusae. Wazi, taratibu, silabi moja moja, huku akinitazama mimi.

Kijiko kilinidondoka. Kwa bahati akili ilinirudia haraka nikaelewa kilichotokea. Bila shaka amesoma zile herufi kwenye taulo, na amezisoma vibaya. Kosa linaloweza kumpata yeyote. Nikamsahihisha kwa upole, kama mume anavyopaswa: herufi hizo, Mama, zinasomwa Hakuun.

Fusae alicheka mpaka akaegemea meza. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajaribu kunywa chai akashindwa, Kanae akimuuliza kuna nini naye anapunga mkono tu kwamba hakuna kitu. Mwishowe akajifuta macho na taulo la jikoni, akanipigapiga mkono.

"Ndiyo, Baba," akasema. "Hakuun. Nilikosea."

Masikini mke wangu. Amelala pale siku zote zile na mpaka leo hajui kulisoma jina la hoteli. Sikuendelea na mada mbele ya mtoto. Mwenzako anapokosea jambo dogo kama hilo, ukimpenda unamfichia, na yeye wala hatajua kwamba umemfichia.